Majina na maneno ya nyimbo yaingie kwenye CD kabla ya kuchoma

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wote wanaotoa muziki kwa CD: bendi, kwaya, walimu wa lugha, na studio zinazowachomea. CD ya muziki ina nafasi ya kuandika jina la albamu, majina ya nyimbo, majina ya waimbaji na watunzi, na hata maneno ya wimbo yanayopita kwenye skrini wimbo ukiendelea. Nafasi hiyo imo katika kila diski, haili hata sekunde moja ya sauti, na bado diski nyingi zinatoka ikiwa haijaguswa. Msikilizaji anaiweka kwenye redio ya gari, anaona "Track 01", na lawama anaitupia redio.

Kosa hili linaendelea kwa sababu kompyuta inawafunika macho wachomaji. Ukiweka CD kwenye kompyuta, programu ya kusikilizia hupima nyimbo ziko ngapi na kila moja inaanzia wapi, ikatengeneza namba ya utambulisho kutokana na vipimo hivyo, kisha ikaipeleka kwenye hifadhidata ya intaneti kama Gracenote au MusicBrainz. Majina yanayotokea yametoka huko. Wakati mwingine yametoka kwenye kumbukumbu ya programu ileile iliyochoma. Mchomaji anayaona, anaridhika, anakabidhi kazi, na ndani ya diski hamna hata herufi moja. Kwa hiyo kipimo cha kwanza ni kuzima intaneti na kuiweka diski kwenye kompyuta nyingine. Majina yakipotea, basi hayakuwemo.

Dhana nyingine ni kwamba majina yaliyo ndani ya faili za MP3 yanahamia kwenye CD yenyewe. Hayahami. Programu inapotengeneza CD ya sauti huifungua MP3, hutoa sauti peke yake na kuiandika. Majina hubaki kwenye kompyuta mpaka uamuru yaandikwe. CD ya data iliyojazwa faili za MP3 ni kitu kingine kabisa, na siizungumzii hapa.

Nafasi yenyewe iko wapi? Katika kanuni za CD zilizotolewa na Philips na Sony mwaka 1980, zinazojulikana kama Kitabu Chekundu, sekunde moja ya sauti imegawanywa katika sekta 75, na kila sekta ina fremu 98. Fremu moja hubeba baiti 24 za sauti, baiti 8 za kusahihisha makosa, na baiti 1 ya pembeni inayoitwa sabukodi. Kati ya baiti hizo 98 za pembeni, 2 hutumika kulinganisha mwendo, zinabaki 96. Kila baiti ina biti nane zilizopewa herufi P hadi W. P huashiria mwanzo wa wimbo. Q hubeba namba ya wimbo na saa inayosomeka kwenye deki. Biti sita zilizobaki, R hadi W, ndizo tunazozungumzia. Piga hesabu: baiti 72 kwa kila sekta, na diski ya dakika 74 ina sekta 333,000. Hizo ni karibu megabaiti 24 zilizoachwa wazi pembeni mwa sauti.

Biti hizo, R hadi W, zinatumika kwa njia mbili. CD-Text, iliyotoka mwaka 1996, huandika majina katika eneo la utangulizi, ile sehemu ya ndani kabisa ya diski ambayo deki huisoma kabla ya wimbo wa kwanza. CD+G, ambayo ndiyo diski ya karaoke, huandika picha na maneno pembeni mwa nyimbo zenyewe, mwanzo hadi mwisho. Zote mbili hazimsumbui asiye na kifaa cha kuzisoma: deki ya kawaida huzipuuza na kupiga muziki kama kawaida.

Nianze na CD-Text, maana hiyo haina udhuru. Maandishi hukatwa katika pakiti za baiti 18: baiti 4 za kichwa zinazosema hii ni aina gani ya habari na ni ya wimbo wa ngapi, baiti 12 za maandishi, na baiti 2 za kuhakiki. Kuna aina ya jina, ya mwimbaji, ya mwandishi wa maneno, ya mtunzi, ya mpangaji wa muziki na ya ujumbe mfupi. Namba ya pakiti ni baiti moja, kwa hiyo kundi moja haliwezi kuzidi pakiti 256, na 3 kati ya hizo ni za kueleza ukubwa wa kundi. Zinabaki 253, yaani takriban herufi 3,000. Albamu ya nyimbo 20 yenye majina na waimbaji inaingia na nafasi inabaki. Maneno ya nyimbo hayaingii, na asiyejua hilo huyabandika yote kwenye sehemu ya ujumbe, kisha anashangaa programu ikikataa au ikikata katikati. Diski moja inaweza kubeba makundi manane, kila kundi kwa lugha yake. Kwenye orodha ya lugha za kanuni hiyo Kiswahili kimo, kwa namba 4F, hivyo programu inayokuruhusu kuchagua lugha isikulazimishe kuandika Kiingereza.

Herufi zinazokubalika ni zile za seti ya ISO 8859-1, orodha sanifu ya herufi za Kilatini. Kiswahili kinaingia chote bila taabu. Kinacholeta shida ni alama za nukuu zilizopinda na vistari virefu vinavyowekwa na programu za kuandikia barua: hivyo havimo katika seti hiyo, na kwenye deki hugeuka alama za kuuliza au visanduku. Andika kwa kihariri cha maandishi matupu. Jina lenye herufi kama é likitokea kama herufi mbili za ajabu, ujue faili limehifadhiwa kwa UTF-8, mfumo mwingine wa kuhifadhi herufi, na programu ikalisoma kwa mfumo tofauti. Lihifadhi upya kwa seti sahihi.

Njia ninayoipendekeza ni faili la cue, yaani orodha ya nyimbo inayoiongoza programu ya kuchoma, kwa sababu ni maandishi ya kawaida, unaweza kulisoma, kulisahihisha na kulitunza pamoja na sauti. Liko hivi:

PERFORMER "Jina la mwimbaji"
TITLE "Jina la albamu"
FILE "albamu.wav" WAVE
  TRACK 01 AUDIO
    TITLE "Wimbo wa kwanza"
    PERFORMER "Jina la mwimbaji"
    INDEX 01 00:00:00
  TRACK 02 AUDIO
    TITLE "Wimbo wa pili"
    PERFORMER "Jina la mwimbaji"
    INDEX 01 04:12:37

Sauti iwe WAV ya sampuli 44,100 kwa sekunde, biti 16, stirio. Namba ya mwisho kwenye INDEX si sehemu ya mia ya sekunde; ni sekta, na kwa kuwa huhesabiwa kuanzia 0, mwisho wake ni 74. Mtu akiandika 04:12:80 programu hulikataa faili, naye hutafuta kosa kwenye majina. Jina la mwimbaji rudia kwa kila wimbo hata kama ni mmoja, kwa sababu zipo deki zinazosoma jina la wimbo uliopo tu, na likikosekana zinaacha mstari mtupu. Usizidishe herufi 80 kwa jina, na neno muhimu litangulie: skrini ya redio ya gari ni fupi, na majina yote yakianza kwa maneno yaleyale dereva ataona kitu kimoja kwa nyimbo zote.

Sasa kuchoma. Hapa ndipo kazi nyingi nzuri zinapoharibika. Eneo la utangulizi huandikwa mara moja tu. Ukichoma kwa kuandika wimbo mmoja mmoja, draivu hulitengeneza eneo hilo yenyewe mwishoni kutokana na orodha ya nyimbo, na hamna mlango wa kupitishia maandishi yako. Lazima uchague kuchoma diski nzima kwa mkupuo, hali inayoandikwa DAO au SAO kwenye programu. ImgBurn hulisoma faili la cue na kuandika CD-Text. Exact Audio Copy, CDBurnerXP na K3b zinaandika pia, na iTunes ina kisanduku cha kutia alama kabla ya kuchoma. Anayetumia cdrdao, programu ya kuchoma inayoendeshwa kwa amri za kuandika, akaona sauti imeingia na maandishi hayakuingia, aongeze --driver generic-mmc:0x10 kwenye amri yake. Bila hiyo draivu nyingine hazipelekewi maandishi kabisa. Ukimaliza, hakiki kwa programu inayosoma diski yenyewe, kama cd-info, intaneti ikiwa imezimwa. Na diski iliyokwisha kufungwa haiongezwi majina kwa namna yoyote. Ni kuchoma nyingine.

CD+G inadai kazi zaidi, na ndiyo inayonifanya niandike kwa urefu, kwa sababu mwenye kuelewa mipaka yake hutoa kitu kizuri sana na asiyeielewa hutoa fujo.

Pembeni mwa kila sekta zinaingia pakiti nne za picha, yaani pakiti 300 kwa sekunde. Hiyo ndiyo bajeti yako yote, na haikopesheki. Skrini ina pikseli 300 kwa 216, lakini kingo haziandikiwi. Sehemu ya kuandikia ni pikseli 288 kwa 192. Imegawanywa katika vigae vya pikseli 6 kwa upana na 12 kwa urefu, 48 kwa safu na safu 16, jumla vigae 768. Pakiti moja huchora kigae kimoja kwa rangi mbili. Kujaza skrini nzima kwa rangi mbili basi kunachukua sekunde 2.56. Ukitaka picha ya rangi zote 16 zinazoruhusiwa kwa wakati mmoja, kigae kinaweza kuhitaji pakiti nne zinazopandishwa moja juu ya nyingine kwa amri ya XOR, inayochanganya rangi mpya na iliyokwisha kuchorwa, na muda unafika sekunde 10 na ushei. Picha ya jalada yenye rangi nyingi ichorwe wakati wa ala za mwanzo, si pale mwimbaji anapokaribia kufungua kinywa. Wimbo unaoanza na sauti papo hapo usiwekewe picha hiyo. Weka jina la wimbo kwa rangi mbili na uendelee.

Maneno nayo yana hesabu yake. Herufi kubwa inayosomeka kutoka mbali huchukua vigae viwili kwa viwili, hivyo mstari mmoja una herufi 24 na ubeti wa mistari minne unakula pakiti 384, sawa na sekunde 1.28. Kubadilisha rangi ya maneno yanapoimbwa ni kuvichora vigae vilevile tena, na bajeti ni ileile. Anza kuchora ubeti unaofuata angalau sekunde 2 kabla ya kuimbwa, na usichore wakati mstari wa mwisho wa ubeti uliopo unageuka rangi kwa kasi; mojawapo itachelewa. Kiswahili kina vitenzi virefu, na herufi 24 zinajaa haraka. Kata mstari kwa pumzi ya mwimbaji, si katikati ya neno, na kama wimbo ni wa maneno mengi punguza upana wa herufi badala ya kubana mistari sita kwenye skrini.

Rangi 16 unazichagua kutoka 4,096, na zinapakiwa kwa amri mbili, nane nane. Nyeupe au njano juu ya bluu iliyokolea au nyeusi inasomeka vizuri. Nyekundu juu ya bluu hutawanyika kingo kwenye runinga iliyounganishwa kwa waya wa kawaida wa video, hata kama kwenye kompyuta ilipendeza.

Sauti lazima iwe imekamilika kabla hujaanza kupanga maneno. Fundi akikata kimya cha mwanzo baada ya kazi ya maneno, kila neno linachelewa kwa kiasi kilekile kilichokatwa. Faili la CDG, lile linalotunza picha na maneno ya wimbo kwenye kompyuta, lina pakiti za baiti 24, kwa hiyo sekunde moja ni baiti 7,200 kamili, na wimbo wa dakika 4 ni baiti 1,728,000. Linganisha ukubwa wa faili na urefu wa wimbo kabla ya kuchoma. Zikipishana sana, kuna kitu kimekatwa. Maneno yakitangulia sauti, unaweza kuongeza pakiti za sifuri tupu mwanzoni mwa faili, 300 kwa kila sekunde, kwa kuwa pakiti ya sifuri haiamuru lolote. Yakichelewa, usikate mwanzo wa faili: humo ndimo zimo amri za kupakia rangi na kusafisha skrini, na ukizitoa maneno yatatokea kwa rangi zisizotabirika au yasionekane kabisa. Rudi kwenye programu uliyopangia na usogeze muda.

Kuna udhaifu mmoja wa kuuheshimu. Sauti ya CD inalindwa na usahihishaji mzito wa makosa, sabukodi imeachwa nje ya ulinzi huo. Pakiti za picha zina baiti zao chache za kujisahihisha, hazitoshi kwa mkwaruzo mkubwa. Ndiyo maana diski inaweza kupiga muziki safi huku skrini ikitapakaa visanduku vya rangi. Na kigae kilichokosewa hakijirekebishi; kinabaki mpaka skrini isafishwe. Basi safisha skrini kati ya ubeti na ubeti, na iache programu irudie amri ya kusafisha mara kadhaa mfululizo, kama kanuni inavyoruhusu hadi mara 16, ili moja ikipotea nyingine ifike.

Kuchoma CD+G kunahitaji draivu inayokubali kuandika R hadi W, na si zote zinazokubali. Sekta inakuwa baiti 2,448 badala ya 2,352. Kwenye faili la cue aina ya wimbo inaandikwa CDG mahali pa AUDIO. Kwenye faili la cdrdao inaandikwa AUDIO RW. Ukiona sauti iko sawa na skrini haina kitu, draivu imeziacha biti hizo. Ukiona fujo ya rangi tangu sekunde ya kwanza mpaka mwisho, tatizo ni mpangilio: vipande vya kila pakiti kwenye diski vinatawanywa katika pakiti nane, na kazi hiyo lazima ifanywe na mmoja, ama programu ama draivu. Wakifanya wote wawili, au asifanye yeyote, hakuna kinachosomeka. Badilisha hali ya kuandika kwenye programu uchome upya. Fujo inayokuja na kupotea ni vumbi, mkwaruzo au lenzi chafu.

Picha kukaa kwenye sabukodi kunaeleza pia kwa nini nakala za diski za karaoke huwa bubu kwenye skrini. Aliyenakili alitoa WAV au MP3 peke yake, na njia hiyo haigusi sabukodi. Kwa cdrdao soma kwa kuongeza --read-subchan rw, ukitumia draivu inayoweza.

Wapo wanaotaka kuweka picha za ubora wa juu au kijitabu cha maneno kama faili. CD+G haikutengenezwa kwa hayo. Watumie muundo uliotoka mwaka 1995 katika Kitabu cha Bluu, kanuni nyingine za CD, ambapo nyimbo zinakaa kikao cha kwanza (kikao ni sehemu ya diski inayochomwa na kufungwa peke yake) na data kikao cha pili. Mpaka kati ya vikao hivyo hula kama dakika mbili na nusu za diski, kwa hiyo albamu ya dakika 73 haitaingia kwenye diski ya dakika 74. Msiweke data kama wimbo wa kwanza kwenye kikao kimoja na muziki: deki za zamani huipiga kama sauti, na kelele hiyo inaweza kuharibu spika.

Neno kwa wanaopeleka kazi kiwandani. Msimbo wa ISRC, namba ya utambulisho wa rekodi yenye herufi na tarakimu 12, unakaa kwenye biti ya Q, wala hauna jina la wimbo ndani yake. Kuwa nao hakumaanishi una CD-Text. Ukipeleka kazi kwa mfumo wa DDP, yaani folda ya faili za albamu zinazotumwa kiwandani, fungua folda hiyo uangalie kama kuna faili la CDTEXT.BIN. Kama halimo, majina hayatakuwepo kwenye nakala hata moja itakayotoka. Ukipeleka CD uliyoichoma mwenyewe iwe kielelezo, andika kwenye fomu ya oda kwamba ina CD-Text, au kwamba ina picha za CD+G, na udai nakala ya kwanza uijaribu kwenye deki yenye skrini kabla mashine haijaendelea na nyingine.

Wako msomaji,
Fundi wa sauti